Mzee Makame Hakupanda kwa Hiari Yake

Ijumaa, baada ya alasiri. Vuli, mwaka 1970. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika saa nane, na sasa jua limetoka na mji wote unafuka mvuke kama chungu kilichofunuliwa. Moyo wangu mzito.

"Majeruhi alipanda juu ya mashine kwa hiari yake mwenyewe, pasi na kuamrishwa na mtu yeyote, na kwa hivyo ajali hii imetokana na uzembe wake."

Ndivyo alivyoandika Mkuu wa ghala letu katika ripoti yake, na kesho asubuhi anataka nitie saini chini yake, kama shahidi. Mimi ni karani wa ghala la karafuu hapa bandarini. Ndimi ninayeandika magunia yanayoingia na yanayotoka, na ndimi ninayebandika makala kwenye ubao wa matangazo ulioko mlangoni, ubao ambao wachukuzi wanauita gazeti. Kwa hivyo wananiita Bwana Gazeti. Nililipenda sana jina hilo.

Tuuchambue uwongo huu, maana kuchambua uwongo wa wenzangu ndiyo kazi niliyojipa maisha yangu yote.

Kwa hiari yake, anasema. Mzee Makame ni mtu wa Kizimkazi aliyekuja mjini kijana na kuzeeka chini ya magunia. Ni mnyapara wa kundi la wachukuzi. Mimi niliwahi kuandika kwamba neno mnyapara ni la zama za mabwana na lizikwe pamoja nao. Wenzake wakaendelea kumwita hivyo kwa mapenzi, naye akaendelea kuitika "Naam". Ana desturi moja ambayo ghala zima linaijua. Rundo la magunia likikaribia kukamilika, gunia la mwisho, lile la juu kabisa, haliwekwi na mtu mwengine. Hulilaza yeye. Hulipapasa, hulipiga kofi, husema "Alhamdulillahi", na watu wote walioko chini hujibu. Mpaka hapo ndipo rundo huhesabiwa kuwa limefungwa. Miaka yote alipanda kwa ngazi ya mbao, taratibu, gunia likimfuata kwa kamba.

Kisha ikaja foklifti. Ilifika mwaka jana ndani ya sanduku kubwa, zawadi ya nchi rafiki, pamoja na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa lugha ambayo hata mimi ninayejigamba kwa kusoma sikuweza kuisoma. Ina kiti cha dereva na usukani, na mbele yake ina vyuma viwili virefu, bapa, ambavyo wachukuzi waliviita meno tangu siku ya kwanza. Meno yale huingizwa chini ya chaga, lile jukwaa dogo la mbao linalopangiwa magunia, kisha mashine hunguruma na kuinua chaga na mzigo wake mpaka karibu na boriti za paa. Kazi ya watu kumi ilifanywa na mtu mmoja aliyekaa.

Haikupita wiki, wachukuzi wakamsimamisha Mzee Makame juu ya chaga pamoja na gunia lake la mwisho, na dereva wetu, Salum, akampandisha. Nilikuwepo. Mzee alisimama wima kama mlingoti, mkono mmoja umeshika gunia.

"Leo mnyapara kawa bwana harusi," mmoja alisema.

"Bwana harusi gani huyu? Kinywani hana hata jino, na mawili kayakanyaga."

Kicheko kilijaa ghala. Mzee naye alicheka, huko juu, kwa kinywa chake kile kitupu. Alipolilaza gunia na kusema maneno yake, jibu lililotoka chini lilikuwa kubwa kuliko siku zote.

Wao walimpandisha kwa heshima. Mimi niliona jambo jengine. Niliona mtu aliyebeba mizigo ya wengine maisha yake yote, sasa anabebwa. Vitabu vyote nilivyosoma vilisimama kichwani mwangu vikapiga makofi.

Siku iliyofuata Kasamali alikuja mezani kwangu.

Fundi Kasamali, Muhindi wa hapahapa mjini, ndiye anayetunza mashine zetu. Baba yake alikuwa na duka la vyuma Darajani, na yeye mwenyewe ameshika spana tangu kabla hajajua kunyoa ndevu. Kila asubuhi, kabla foklifti haijawashwa, aliizunguka mara mbili: aliangalia breki, akatazama mafuta, akavuta minyororo, na mwisho akaangalia meno yale mawili kama yametanuliwa sawasawa, kwa sababu meno husogezwa, huletwa karibu au huwekwa mbali kulingana na upana wa mzigo. Wachukuzi walimtania kwamba anaitolea foklifti talaka na kuirejea kila siku.

Alinifungulia kitabu kile cha maelekezo kwenye ukurasa wa picha. Mtu amesimama juu ya meno ya mashine, na mstari mwekundu umemkata katikati. Kasamali alitaka vitu vichache. Alitaka mtu asipandishwe mpaka yeye atengeneze kizimba cha mabomba, chenye sakafu na uzio wa kufika kiunoni, kifungwe kwenye mashine kwa bolti na mnyororo kisiweze kuteleza wala kupinduka. Alitaka dereva asiondoke kwenye kiti mtu akiwa juu, na chini pasikae mtu. Akanitaka mimi niyaandike ubaoni, kwa sababu mimi husomwa.

Nikamwambia anakuza mambo.

Alichukua penseli zangu mbili, akazilaza kwenye ukingo wa meza zikachomoza nje, karibu karibu. Juu yake akaweka kisanduku cha kibiriti. Juu ya kisanduku akaweka vipande viwili vya chaki, kimoja huku, kimoja huku. Kisanduku kikatulia.

"Hili gunia, huyu mtu," alisema. "Sasa gunia lakwenda juu ya rundo. Latoka."

Akaondoa kipande kimoja. Kisanduku kikapinduka, na kipande cha pili kikaanguka sakafuni kikavunjika.

Nilicheka. Nikamuuliza kama huko karakana hana kazi ila kucheza na viberiti. Watu wawili waliokuwa karibu walicheka pamoja nami, na mimi mbele ya wachekaji si mtu wa kuaminika.

Nashurutika kuyanakili hapa maneno niliyoyabandika ubaoni wiki ile. Nayajua kwa moyo.

"Mtu aliyepanda mkarafuu tangu utoto ataogopeshwa na chuma? Picha za vitisho huchorewa wasiojua kupanda hata mnazi. Woga huu haukuzaliwa kwetu. Ni woga wa waliozoea kuwatazama wachukuzi kutoka nyuma ya meza ya duka. Ngazi ilikuwa ya wanyonge. Leo mnyonge anapandishwa na mashine, na atakayemwambia ateremke, aseme kwanza anamtumikia nani."

Sikulitaja jina la Kasamali. Haikuhitajika. Na sote tunajua, katika miaka hii ya baada ya Mapinduzi, sentensi kama ile ya mwisho inaweza kumfanya nini mtu mwenye jina kama lake. Niliijua nilipokuwa naiandika. Niliiona ni kali, nikaipenda kwa ukali wake, nikaiacha.

Mkuu wa ghala hakuwa na habari ya foklifti wala ya ngazi. Lakini alisoma sentensi ile akaogopa. Alimwita Kasamali akamwambia abaki karakana, asiingie ghalani kuwatia watu hofu mpaka mashine iharibike na aitwe. Kasamali alikusanya spana zake akaenda. Asubuhi iliyofuata foklifti iliwashwa bila ya mtu kuizunguka.

Nilijiona nimeshinda.

Sasa niandike ya Jumanne ya wiki hii, ingawa kalamu haitaki.

Asubuhi yalikuja masanduku membamba ya vipuri. Ili kuyanyanyua, Salum aliyaleta meno karibu karibu, kiasi cha shubiri mbili hivi kati yao. Masanduku yakaisha. Mchana likaja rundo la karafuu, meli inangoja, mvua inatishia, kila mtu anakimbia. Meno yakabaki palepale. Salum amenihakikishia kwamba hakukumbuka, na mimi namwamini. Kukumbuka haikuwa kazi yake, ilikuwa kazi ya mtu tuliyemfukuza.

Rundo likafika juu. Chaga ikaletwa, Mzee Makame akapanda upande mmoja, gunia likawekwa upande wa pili. Salum akainua. Nilikuwa mlangoni na daftari langu, natazama kama kawaida yangu, kwa sababu nilikuwa napenda kutazama. Mzee aliinama, akalisukuma gunia juu ya magunia mengine. Gunia likaondoka kwenye chaga.

Nikakumbuka kisanduku cha kibiriti. Hapo hapo, wakati gunia linateleza, kabla ya lolote kutokea. Nilifungua kinywa.

Chaga ikapinduka.

Hakupiga kelele. Sauti niliyoisikia ni ya mbao kwenye saruji, kisha sauti nyengine, laini zaidi, ambayo nimekuwa nikiisikia tangu siku ile kila mtu anapotua gunia. Vumbi la karafuu likapanda. Salum aliruka kutoka kitini akasimama na mikono kichwani, akisema "Mzee wangu, mzee wangu," hajui hata azime mashine. Wachukuzi wakambeba mnyapara wao juu ya chaga ileile iliyomwangusha, mpaka kwenye gari.

Na mimi?

Wakati gari linatoka lango la nyuma, mimi nilikwenda kwenye ubao nikaibandua karatasi yangu, iliyokuwa ingali pale. Sikungoja hata kujua kama yu hai. Niliikunja mara nne nikaitia mfukoni mwa kanzu, na nilipogeuka niliangalia kwanza kama kuna aliyeniona. Hakuna. Nikashukuru. Nimepigana na watu maisha yangu yote kwa sababu ya ukweli, nimegombana na ndugu, nimegombana na wakubwa, nimewahi kulala korokoroni kwa makala, na siku ukweli uliponihitaji dakika moja tu nilikuwa naficha karatasi kama mwizi wa embe.

Karatasi ninayo. Ipo ndani ya daftari hili.

Jana Alhamisi Mkuu aliniita ofisini akanipa ripoti niisome. Nilisimama kama mtu mwenye hoja. Nikamwambia kwamba haikuwepo amri yoyote ya kukataza, kwa hivyo mzee hakuvunja kitu. Na akiandikwa mzembe ataachishwa kazi mikono mitupu, na mgongo wenyewe ndio huo umeumia. Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mpole, hilo ndilo baya lake.

"Bwana Gazeti," alisema, "si wewe uliyetwambia mnyonge sasa ana hiari yake? Basi hiyo ndiyo hiari yake. Au unataka niandike kuwa aliamrishwa? Na nani?"

Akaningoja. Alikuwa anajua. Sijui kama aliyasoma yale ya ubaoni kwa kuyaelewa au kwa kuyaogopa tu, lakini alikuwa anajua, na alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea sote wawili.

Niliichukua ripoti nikasema nitaipitia Kiswahili chake. Naam, hivyo ndivyo nilivyosema. Nikakaa mezani kwangu nikarekebisha nukta na mikato kwenye maneno yanayomzika Mzee Makame, kisha nikamrudishia, bila saini, nikaomba mpaka Jumamosi.

Kutoka hapo nilikwenda karakana. Kasamali alikuwa anapiga tupa kipande cha chuma. Hakuacha kufanya kazi. Nilimsalimu, akaitikia. Nikaanza maelezo marefu, maana mimi siwezi kuomba msamaha bila dibaji.

"Wataka nikwambie nini, bwana?" alinikatiza. "Kwamba nlisema? Nlisema. Nshamaliza."

Nikamuuliza kama bado anaweza kutengeneza kile kizimba. Nikamwambia nitamtafutia mabomba.

"Mabomba nlikuwa nayo. Nshakata, nshachoma nusu." Akaelekeza tupa yake nje, upande wa nyuma. "Mkuu alisema lango limevunjika. Nikayatia langoni. Wewe wapita hapo kila siku."

Ni kweli, napita. Gari lililomchukua Mzee Makame lilipita hapo pia. Nilimtazama Kasamali usoni kutafuta hasira, kwa sababu hasira ningejua la kuifanya. Hakuwa nayo. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyekwisha funga virago moyoni, na huenda nyumbani pia. Nilitoka bila ya kusema neno nililolifuata.

Leo asubuhi nilifika kazini nimekusudia kuzungumza. Nilikusudia. Nikakuta rundo jipya linafikia juu, na watu wamekusanyika chini ya foklifti, wametulia mno, hawataniani. Juu ya chaga alikuwa amesimama Pandu, kijana mwenye nguvu aliyekuwa mkono wa kulia wa mzee, na gunia la mwisho pembeni mwake. Salum hajagusa usukani tangu Jumanne. Alikuwa dereva mwengine.

Nikamuuliza aliyekuwa karibu yangu, hivi mna akili nyie?

"Tunamshikia mzee nafasi yake," alinijibu. "Rundo lisipofungwa kama alivyokuwa akilifunga, itakuwa kama tumeshamzika."

Walikuwa wanafanya hivyo kwa kumpenda. Tangu Jumanne wameifanya kuwa ibada. Hapakuwa na kizimba wala mnyororo, wala mtu aliyetazama meno. Walikuwa wamevaa kofia zao kama watu walio msikitini. Mahali pale palihitaji mtu mmoja wa kusema "Teremka", na atakayesema teremka, karatasi yangu ilishamuuliza anamtumikia nani. Nilijikuta nimesimama mbele ya swali langu mwenyewe nikaogopa kulijibu mbele ya watu.

 Pandu alipandishwa, akalaza gunia, akasema maneno, akateremshwa. Mungu alimstiri.

Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda hospitali. Mzee Makame amelazwa karibu na dirisha, amenyooshwa juu ya ubao, miguu haimsikii. Madaktari wanasema tusubiri tuone. Mkewe, Bi Mize, alikuwa ameketi chini kwenye mkeka na bakuli la uji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Gazeti. Umekuja kuniandika tena?"

Alikuwa anatabasamu. Akamgeukia mkewe. "Ndiye huyu, Mize. Ndiye aliyeandika yale." Na pale pale kitandani, mtu asiyejua kusoma, aliyesomewa na wenzake mara ngapi sijui, akaanza kunisomea makala yangu kwa kichwa. Mtu aliyepanda mkarafuu tangu utoto. Ngazi ilikuwa ya wanyonge. Hakukosea hata neno. Aliyasema kama mtu anavyosema maneno aliyoandikiwa yeye peke yake, na kwa kweli aliandikiwa yeye.

Bi Mize hakutabasamu. Alikoroga uji.

"Miaka yote huyu kapanda ngazi na karudi nyumbani," alisema, hakunitazama. "Nami sijaona unyonge wake."

"Wacha, we mwanamke," mzee alimwambia kwa upole. Kisha kwangu: "Lile rundo la leo, gunia la mwisho nani kalilaza?"

"Pandu."

"Kwa ngazi au kwa mashine?"

Nikamwambia kwa ngazi.

Nilisema uwongo kwa mzee aliyelala chali, mkewe akinisikia. Na yeye akatoa pumzi ndefu, kifua kizima kikashuka.

"Afadhali," alisema. "Mi nliogopa siku zote."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza, uliogopa nini, mzee?

"Ile kitu. Mkarafuu una mizizi, bwana, ukiyumba wajua utarudi. Lile libao halina mizizi. Kila nkipanda, nnasoma nilichojaaliwa, nnafumba macho mpaka nfike. Wao chini wanadhani namshukuru Mungu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Alinitazama kwa huruma. Sijawahi kutazamwa vile, na sitaki tena.

"Ntasemaje? Karatasi ishasema mimi siogopi. Imebandikwa mlangoni, kila mtu kaisoma. Ntateremka vipi mbele ya watu?"

Bi Mize alimtia kijiko cha uji mdomoni. Nilikaa kidogo, nikaaga, nikatoka. Mvua ilikuwa inamalizikia. Nilitembea mpaka nyumbani na viatu vimejaa maji.

Kwa hivyo nimjibu Mkuu. Hakuna aliyemwamrisha, kweli. Amri mtu anaweza kuinung'unikia, anaweza kuikwepa, anaweza kusema leo naumwa. Mimi nilimsifu. Nilimfunga kwa sifa mbele ya wenzake wote, nikamwondolea ruhusa ya kuogopa, na ndiyo ruhusa ya kwanza anayohitaji mtu anayefanya kazi mahali pa juu. Halafu nikamwondoa aliyekuwa akiogopa kwa niaba yetu. Hiari iko wapi hapo?

Nimesoma vitabu vingi juu ya ukombozi wa mfanyakazi. Sikumbuki hata kimoja kilichosema kwamba mfanyakazi aliyekombolewa havunjiki. Lakini sitawasingizia waandishi. Kuacha kusikiliza nilijifunza mwenyewe. Nilipomwona Kasamali na picha yake, nilitazama jina lake na duka la baba yake, nikahukumu. Uzito wa gunia haukuuliza baba yake nani.

Najiuliza kama nina haki ya kumkasirikia Mkuu. Yeye anataka kuficha ripoti moja. Mimi nimeficha karatasi siku nne.

Kesho nitafika kabla ya milango kufunguliwa. Ripoti sitaitia saini. Nitaandika ushahidi wangu mwenyewe, wa meno yaliyoachwa karibu karibu, wa fundi aliyefukuzwa na wa nani aliyemfukuza, na nitampa Mkuu nakala mkononi apeleke anakotaka. Hili linaweza kunigharimu kiti changu. Linaweza kunigharimu zaidi ya kiti, miaka hii haina subira na watu wa aina yangu. Naogopa, na nimeamua kuliandika neno hilo hapa kwa wino: naogopa. Karatasi yangu ya zamani nitairudisha ubaoni na mikunjo yake, na chini yake, safari hii, jina langu kamili na jina la Kasamali, yeye kwa haki yake na mimi kwa kosa langu. Kisha nitakwenda karakana kusema lile neno nililoshindwa kulisema, bila dibaji. Na kwa Mzee Makame nitarudi Jumapili, nimwambie kwamba Pandu hakupanda ngazi. Hilo ndilo zito kuliko yote.

Pembeni nitabandika haya. Nayaandika kwanza hapa.

Kwenu madereva wa ghala hili, wewe Salum na wewe uliyeshika usukani leo, na kwako Pandu. Mnampenda mnyapara wenu, nami siwafundishi kupenda. Lakini mtu yeyote atakayeweka mguu juu ya chaga, awe Pandu, awe Mkuu, niwe mimi, msiinue. Zimeni mashine. Chomoeni ufunguo, tieni mfukoni, shukeni kitini mkae chini kwenye magunia mpaka ateremke. Akiwaita waoga, itikieni. Akiwauliza mnamtumikia nani, mleteni kwangu nimjibu. Na wewe Pandu, ukiwa juu ukaogopa, sema kwa sauti, watu wakusikie, kisha teremka.